Machweo ya Baba Rehema

Baba Rehema alinunua machweo; kiwanja kilikuja juu yake kama nyongeza. Dalali alijua kazi yake. Alimpeleka Kigamboni saa kumi na mbili kasoro jioni, akamsimamisha kwenye kilima kidogo, minazi imejipanga bondeni, jua linashuka nyuma yake jekundu. Mume wangu alirudi nyumbani hajauliza habari za maji wala hati, lakini anajua sebule itakaa wapi.

Ramani ikachorwa kulizunguka jua lile. Sebule magharibi, na dirisha la kioo la aluminiamu upana mita nne, kutoka sakafuni mpaka kwenye lenta. Paa likawa la kuficha, maana siku hizi nyumba yenye upenu inaonekana imejengwa na babu. Upande uleule kulikuwa na mwembe wa miaka mingi. Ukakatwa kwa kosa la kuziba. Fundi mkuu, timazi mkononi, aliuliza mara moja tu: "Bosi, jua la alasiri tutalifanyaje?"

"Tutalitazama," akajibiwa.

Tulihamia Julai, kusi likivuma, usiku tunajifunika blanketi. Wageni walikuja, wakasimama mbele ya kioo, wakapiga picha. Baba Rehema aliwapanga kama mwenye sinema.

Kisha Oktoba ikafika. Mwanzoni mwa mwezi ule jua la Dar es Salaam hupita utosini kabisa. Kusi limeshachoka na kaskazi bado kuingia. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni saa sita mchana jua huegemea kaskazini, kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini, na Desemba huegemea kusini, nyuzi 17 hivi. Misimu yote miwili liko juu, na upenu wa mita moja hulimaliza. Lakini la asubuhi na la jioni huja usawa wa macho mwaka mzima, linapita chini ya upenu wowote, sembuse nyumba isiyo nao. Ndiyo maana nyumba ya pwani yenye akili hugeuza ubavu wake mrefu kaskazini na kusini, ipate pepo na izipe jua la pembeni ncha zake tu. Yetu ililala kinyume, kifua wazi.

Kuanzia saa tisa alasiri sebule ilikuwa haikaliki. Kochi la kijani lilipauka lote, isipokuwa mahali anapokaa Baba Rehema. Palibaki kijani, umbo lake kamili, pamoja na kiwiko. Televisheni haikuonekana. Watoto walitazama katuni wakiwa ndani ya shuka moja na televisheni yenyewe, unasikia vicheko tu vinatoka kwenye kitambaa. Tukanunua mapazia mazito, ya tabaka mbili. Matokeo yake, saa kumi jioni, nje jua kali, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwanga tuliwasha taa, feni na kiyoyozi, na uniti za LUKU zikawa zinaisha tunaziangalia.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Unguja, kutusalimia.

Yeye ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, ule ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba za kule zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki mbali. Katikati kuna ua ulio wazi juu. Mwanga hushukia uani kwanza, hugonga ukuta mweupe, ndipo huingia chumbani ukiwa umeshapoa. "Kwetu jua lilikuwa linapiga hodi," alisema, na hakuongeza. Alichofanya ni kuhamahama na mkeka wake. Asubuhi sebuleni, adhuhuri koridoni, alasiri nje nyuma ya ukuta wa choo, penye kivuli. Ukitaka kujua saa ngapi, ulitazama mkeka uko wapi.

Baba Rehema alijaribu karatasi nyeusi ya vioo vya gari, ikajaa mapovu. Akapanda pasheni itambae kwenye waya, mbuzi wakaila. Fundi aliitwa, akashauri baraza ya makuti yenye kina cha mita tatu, ishuke mpaka usawa wa kichwa, na pembeni ukuta wa matofali ya matundu. Ushauri mzuri, wa bei ndogo. Ukakataliwa, eti utaziba machweo. Wiki ile mimi na mwenzangu tulizungumza kupitia watoto.

Mungu si Athumani, kiwanja cha bondeni kikapata mnunuzi, na mnunuzi akawa mtu wa maghorofa. Kila kozi ya tofali iliyopanda ilitupa kivuli kidogo zaidi. Nilikuwa napeleka maji ya baridi kwa mafundi wake bila kuombwa. Baba Rehema alisimama dirishani mikono nyuma, akiangalia minazi inavyomezwa kuanzia chini. Walipomwaga zege la juu, saa kumi na moja sebule yetu ilikuwa baridi, mapazia wazi, na mama mkwe ameutandika mkeka katikati bila nia ya kuhama tena.

Kisha jirani akaweka vioo. Vya bluu, vile vya kujitazama, ghorofa nzima ya juu, vikielekea mashariki. Yaani kwetu.

Kesho yake, saa moja na nusu, mama alikuwa sebuleni anasali dhuha. Kibla ya Dar es Salaam ni kaskazini, kwa hiyo magharibi iko kushotoni mwake. Alitoa salamu ya kulia vizuri. Alipogeuka kutoa ya kushoto, akakutana uso kwa uso na jua limechomoza magharibi, zima, linawaka. Mwislamu yeyote anajua maana yake: ni alama ya Kiama, na mlango wa toba umefungwa.

"Mwanangu!" sauti ikafika mpaka kwa jirani. "Inuka! Tumechelewa!"

Baba Rehema alitoka na taulo, sabuni masikioni, akakodoa macho kuelekea ule mwanga. Alichukua muda.

"Mama," akasema, "hilo si letu. Ni la jirani."

Mama aliuliza namba ya fundi wa baraza ya makuti, akataka apigiwe palepale, kabla ya chai.