Kwa Mkapa Hatoki Mtu: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Ufunguo

Mheshimiwa Mwenye Ufunguo wa Geti,
Sanduku la Posta halijulikani,
Viwanja Vyote.

YAH: OMBI LA KUJUA UNAKUWA WAPI SIKU YA MECHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mimi ni mtu wa Mzunguko. Huko uliko huenda neno hilo halijafika, basi nilieleze: Mzunguko ni viti vya bei ya chini kuliko vyote, na mwenye tiketi yake hutoka Mbagala saa tano asubuhi kwa mechi ya saa moja usiku. Si kwamba hatuna kazi. Tumeshajua tu kwamba kati ya kituo cha daladala na kiti chetu upo wewe.

Nimekutafuta muda mrefu. Siku moja, kwenye uwanja ambao siutaji kwa sababu bado napenda kuingia, tulisimama nje ya geti lililofungwa, tiketi mkononi, jua la saa tisa utosini. Nikamwuliza mlinzi aliyekuwa upande wa pili wa nondo: ufunguo anao nani? Akasema anao bosi wake. Bosi wake akasema mageti ni ya polisi. Askari akasema wao wanalinda, hawafungui, tuwaulize wenyeji wa mechi. Mtu wa klabu mwenyeji, aliyevaa fulana yenye neno USALAMA mgongoni, akasema wao wamekodi uwanja tu, mageti waliyakuta. Kisha akatuliza mambo kwa upole: mwenye ufunguo yupo, ila amekwenda kula.

Sijui ulikula nini siku ile, Mheshimiwa, lakini ulikula kwa dakika arobaini. Wakati unatafuna, kila aliyefika nyuma yetu alisogea hatua moja mbele. Wa nyuma haoni geti. Anaona migongo, na anasikia walio ndani wameanza kuimba. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuza shingo akasema, "Mwanangu, usinisukume." Nikamjibu, "Mama, si mimi." Na kweli hakuwa yeyote kati yetu pale. Sote tulikuwa tunasukumwa, na aliyetusukuma alikuwa mezani.

Usidhani nalalamika kwa niaba ya walalahoi peke yao. Usiku wa Machi 7, 2025, Simba walieleza kuwa wamezuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kufanya mazoezi, mkesha wa dabi na Yanga. Dabi ya Machi 8 ikaahirishwa siku ile ile watu wakiwa wameshapiga pasi jezi zao, ikaja kuchezwa Juni 25. Timu nzima, na basi lake, na kocha wake, ikakwama getini. Mimi na kitikiti changu ni nani?

Lakini adabu inataka nianze na pongezi, na hapo juu nimejisahau. Wapo wanaosema hujui kutenganisha mashabiki. Huo ni uzushi. Unajua sana. Katika miaka yote hii sijaona mtu wa Mzunguko aliyepotea njia akajikuta VIP A. Wale wana barabara yao, geti lao na ngazi zao, na kati yao na sisi kuna ukuta, kitasa, na vijana wanne wenye vifua kama makabati. Sijasikia mheshimiwa yeyote aliyekanyagwa akiwahi kiti. Kwa hiyo utaalamu tunao, umejaribiwa na unafanya kazi. Ombi letu ni kwamba siku moja nao ushuke ngazi.

Maana huku chini, kati ya Simba, wekundu wa Msimbazi, na Yanga, kijani na njano ya Jangwani, umetuwekea mstari wa askari waliokaa vitini. Nao ni binadamu. Wapo pale tangu asubuhi, na kila mmoja ana timu yake tangu utotoni. Kipenga kikilia nyuso zote zinageukia uwanjani, na ulinzi mzima unatupa visogo. Bao likiingia huna haja ya kumwuliza askari anashabikia nani, mabega yanasema.

Ugumu wa kazi yako naukubali. Watani wa jadi hawagawanyiki kama chapati. Nyumba moja baba ni Simba, mama ni Yanga, na mtoto anasubiri nani atamnunulia jezi kwanza. Hao hao wanapakizana bodaboda moja kwenda Temeke, wakifika wanaachana, mmoja kushoto mwingine kulia. Timu ya nje ikija ndiyo balaa zaidi, kwa sababu nusu ya "wageni" waliovaa jezi ya wageni wametoka Manzese. Machi 2024, Simba ikiwasubiri Al Ahly na Yanga ikiwasubiri Mamelodi Sundowns, waziri wa michezo wa wakati huo, Damas Ndumbaro, alisema atakayevaa jezi ya wageni aje na pasipoti. Watu walicheka. Mimi nilinyamaza kwa heshima, kwa kuwa ule ulikuwa mpango wa kwanza wa kutenganisha mashabiki niliousikia ukielezwa kwa sentensi moja inayoeleweka. Dosari yake ni kwamba hata afisa uhamiaji angefika pale akauliza: geti hili ufunguo anao nani?

Desemba 15, 2024, Simba iliifunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1, bao la ushindi likiingia dakika za nyongeza. Vurugu zikazuka jukwaani, na baadaye serikali ikatangaza kuwa viti 256 vimeharibiwa. Nilisoma namba hiyo mara mbili. Hawakusema "mia mbili na ushee" wala "vingi". Walisema 256. Kumbe kuhesabu tunaweza! Tangu siku ile najiuliza kwa nini kiti kikivunjika kinahesabiwa hadi cha mwisho, wakati mtu mzima mwenye jina na mama yake akipita getini anahesabiwa kwa jicho: nyomi, uwanja umetapika, hapatoshi. Nyomi si hesabu, Mheshimiwa. Uwanja ukitapika maana yake ulilishwa kupita kiasi, na aliyelisha ni wewe.

Kwa kosa la siku ile Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliiamuru Simba icheze bila mashabiki mechi yake ya nyumbani iliyofuata katika mashindano ya Afrika. Januari 19, 2025 CS Constantine wakaja wakafungwa 2-0 mbele ya viti 60,000 na upepo wa bahari. Nadhani hiyo ndiyo mechi uliyoiota maisha yako yote. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyezimia, hakuna kiti kilichong'oka. Kama ingewezekana ligi nzima ichezwe hivyo, ungestaafu na nishani.

Mei 28, 2023 sina utani nayo. Yanga walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mkondo wa kwanza, dhidi ya USM Alger. Watu walisukumana kuingia Mkapa, mmoja akafa, 30 wakajeruhiwa. Ndani mpira ukaendelea. Fiston Mayele akasawazisha, nchi ikaruka, dakika chache baadaye Waalgeria wakafunga la pili. Usiku ule wengi walilala na huzuni ya 2-1. Nyumba moja ililala na huzuni nyingine kabisa, na sijui aliyewapelekea habari alikuwa na cheo gani.

Baada ya kila tukio la namna hii, mahali popote, nasikia maneno yale yale: mashabiki wastaarabike, mashabiki wawahi, mashabiki wafuate utaratibu. Basi tuhesabu utaratibu wenyewe, maana ni hesabu ya darasa la tano. Mwongozo wa usalama wa viwanja wanaoutumia Waingereza unasema lile geti la vyuma linalozunguka, la kupita mmoja mmoja, lisikadiriwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Chukua watu 60,000 na mageti 30 ya aina hiyo: ni zaidi ya saa tatu, mashine zote zikisoma, mtandao usikatike hata mara moja, na asiwepo anayekwenda kula. Sasa mageti kumi yafungwe kwa sababu funguo zake hazionekani. Inakuwa zaidi ya saa nne na nusu. Hapo ustaarabu unaingia wapi? Hata wakija masheikh na maaskofu watupu, namba haibadiliki.

Waingereza nao hawakuzaliwa wanajua. Aprili 15, 1989, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, msongamano nje ulipozidi polisi walifungua geti la kutokea, watu wakatiririka moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati vilivyokuwa vimeshajaa, huku vya pembeni vikiwa na nafasi. Hakuna aliyesimama njiani kuwaelekeza. Walikufa 97, wa mwisho akifariki 2021 kwa majeraha ya siku ile. Kwa hiyo sikuambii ufungue tu, Mheshimiwa. Kufungua bila kujua watu wanakwenda wapi nako ni kuua. Afande aliyekuwa na mamlaka siku ile alisema mashabiki ndio waliolivunja geti. Baadaye akakiri kuwa amri ya kulifungua ilikuwa yake. Mwaka 2016 ndipo wazee wa baraza walipoamua kuwa mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 watu wanazika na kutukanwa kwa pamoja.

Ndugu zako nimewasikia kila mahali. Yupo aliyekuwa zamu Nyayo, Nairobi, Oktoba 23, 2010, Gor Mahia na AFC Leopards, watu saba wakafia kwenye msongamano wa getini. Yupo wa Accra, Mei 9, 2001, ambako polisi walirusha mabomu ya machozi na waliokimbia wakakuta mageti yamefungwa, wakafa 126. Yupo wa Olembe, Yaoundé, Januari 24, 2022, Cameroon wakicheza na Komoro, watu wanane. Kesho yake rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa, na sababu haieleweki. Rais wa mpira wa bara zima naye alikuwa anakutafuta!

Na kwa wale washauri wako wanaosema dawa ni kuwapiga marufuku wageni wabaki wenyeji peke yao, naomba uwasimulie habari ya Malang, Indonesia, Oktoba 1, 2022. Arema waliwakaribisha watani wao Persebaya, na mashabiki wa Persebaya hawakuruhusiwa kabisa kuhudhuria. Utenganisho wa asilimia mia. Arema wakafungwa, baadhi ya mashabiki wakaingia uwanjani, polisi wakarusha mabomu ya machozi hadi majukwaani, ingawa kanuni za FIFA zinayakataza viwanjani. Watu wakakimbilia milango, na kwenye milango ndiko walikorundikana. Wakafa 135. Walivaa rangi moja wote, Mheshimiwa. Hapakuwa na adui ndani ya uwanja ule ila mlango.

Simba wana msemo wao kwa timu zinazotoka nje: Kwa Mkapa hatoki mtu. Ulitungwa kuwatia wageni tumbo joto. Nakuomba wewe usiutekeleze kwetu.

Sitaki makubwa. Nchi hii huwezi kujenga hata choo cha shule bila kusimamisha bango lenye jina la mkandarasi, mshauri na msimamizi. Nasi tuwekewe bango kwenye kila geti: geti hili leo liko chini ya fulani, simu yake hii, na mwenyewe awe amesimama hapo chini, ufunguo shingoni, tangu wa kwanza anaingia hadi wa mwisho anatoka. Mageti ya kutokea yafunguliwe kabla kipenga cha mwisho hakijalia. Askari wa katikati wageuze viti watutazame sisi, mabao tutawasimulia. Na siku ukienda kula, mwachie mtu.

Jumamosi natoka saa tano asubuhi kama kawaida. Mke wangu, ambaye ni wa timu ile nyingine, tutaachana kituoni tukitaniana, kama tunavyofanya siku zote. Zamani tulikuwa tunapatana kukutana getini baada ya mechi. Siku hizi tunakutana ng'ambo ya barabara, kwenye banda la chipsi, mbali na geti. Nitaagiza sahani mbili. Akichelewa dakika arobaini, nitajua umekwenda kula.

Wako mtiifu,
Mwenye Tiketi,
Mzunguko.

Nakala: Fundi wa funguo, Tandika – kwa taarifa na utekelezaji.