Taroti Kwenye Meza ya Mitumba

(Soko la Kasulu. Begi la mitumba limefunguliwa, pametoka pakiti ya kadi za taroti. Kando yake Karata zilizopinda kona, na Kibuyu cha ramli kinachosubiri gari la Kibondo.)

KARATA: Mwakeye, mgeni. Mbona mnene hivyo?

TAROTI: Kadi 78. Tu ndugu: kopa zako ni vikombe vyangu, shupaza zako panga zangu. Nilianza Italia karne ya 15, mchezo tu. Wafaransa ndio walionivika utabiri karne ya 18.

KARATA: Ulikuwa mchezo, ukajipandisha cheo.

TAROTI: Picha hizi alizichora Pamela Colman Smith, London, 1909.

KARATA: Akalipwa?

TAROTI: Kiduchu. Nikaitwa Rider, mchapishaji, na Waite, mwelekezaji. Mchoraji alikufa maskini mwaka 1951.

KARATA: Hebu nikuone. Lo, nani atakuchanga? Viganja viwili havitoshi! Na hawa maskini, mmoja na magongo, wanakanyaga unga?

TAROTI: Theluji.

KARATA: Sembe yote hiyo chini, na wao wana njaa!

TAROTI: Theluji, ndugu yangu.

KARATA: Wangeleta debe wakazoa, wakasonga ugali, dirisha la kanisa lenyewe hilo lina mwanga. Na mifupa hii juu ya farasi mweupe?

TAROTI: Kifo. Ila wafasiri wangu husema si kufa, ni mabadiliko.

KARATA: Imeandikwa Kifo, imechorwa Kifo, halafu aitwe mfasiri aikanushe! Mimi saba ya kopa ni saba ya kopa.

KIBUYU: Wajukuu, picha zinawasumbua bure. Mimi natoa jina.

TAROTI: Shikamoo, mzee. Unalipataje?

KIBUYU: Marahaba. Namuuliza mteja: umegombana na nani? Anajibu: na bibi wa jirani, mpaka wa shamba. Natikiswa. Linatoka: bibi wa jirani.

KARATA: Hiyo ndiyo ramli chonganishi! Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, watu wenye ualbino wakiwa wanauawa. Sheria ya Uchawi ya 1928 inamtia hatiani anayemsingizia mwenzake uchawi. Lakini Kamchape, wale wasaka wachawi, wakiingia kijijini, fedha zinachangwa siku hiyo hiyo, na wanaochanga ni wale wale waliolia kwamba dawati la shule ni ghali! Sakafu ya ajuza inafukuliwa, inatoka pembe iliyoingia na mfukuaji, ajuza anafukuzwa, shamba linapata mwenyewe mpya. Na msomi mwenye stashahada yuko pale, anarekodi kwa simu! Aibu yenu!

TAROTI: Mimi sijawahi kumtaja bibi wa mtu.

KARATA: Ndiyo maana huku hutauzika.

KIBUYU: Acheni kelele, mteja kafika. Karibu, mwanangu. Umegombana na nani?

MTEJA: Nimeshaandika majina, mzee. Yako manne.