Kahawa Yetu, Kikombe cha Mgeni

Oldeani, wilayani Karatu pamoja na Endabash, inalima arabika tangu enzi za walowezi wa Kijerumani. Lakini agiza kahawa kwa mama ntilie: utaletewa maji moto, kijiko na pakiti ya unga kutoka Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Ukikataa, ipo chai ya maziwa, majani yake ya Mufindi au Rungwe. Wapo watakaodai kahawa ya kupika ina gharama na usumbufu. Haya, chai nayo inakula sukari, maziwa na kuni, na bado haikosekani asubuhi hata moja. Basi tukubali tu kwamba tumejifunza adabu: chetu kizuri ni cha mtalii anayepita kwenda kreta ya Ngorongoro, nasi kazi yetu kumwambia karibu.