Jinsi ya Kwenda Kilwa kwa Kafi na Kurudi na Vidole Vyote

Kayaki haina kondakta. Hakuna atakayekwambia sogea nyuma, shika bomba, wala shuka na mguu wa kushoto. Mkiwa wawili mna viti viwili, makafi mawili na bahari nzima, na ugomvi wa kwanza utakuwa nani akae nyuma. Natoa hukumu mapema ili msiingie nao majini: nyuma akae mwenye subira. Wa mbele anapiga mdundo, kulia, kushoto, kulia, bila kugeuka kila dakika kuangalia kama mwenzake naye anafanya kazi. Wa nyuma anaufuata mdundo huohuo, ndiye anayekielekeza chombo, na ndiye atakayerushiwa maji na kafi la wa mbele kutwa nzima. Mkimweka mwenye hasira pale, ndoa itayumba kabla ya kayaki.

Safari ninayoizungumzia ni ya Kilwa Kisiwani. Basi la Lindi au Mtwara linakushusha Nangurukuru, kama kilomita 300 kusini ya Dar es Salaam. Hapo unatafuta usafiri mwingine hadi Kilwa Masoko, na ukifika ufukweni kisiwa unakiona kwa macho ng'ambo ya maji. Usikikimbilie. Kibali cha kuingia kwenye magofu kinatolewa hukuhuku Masoko, na kule ng'ambo hutembei peke yako, unatembea na mwongozaji. Wapo wageni wanaonuna wakisikia hivyo. Usinune. Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zinaporomoka na bahari inazila kwa chini. Mtu aliyekulia pale akikwambia usipande ukuta, shuka.

Kisha salimia. Karibu na vyombo atakuwepo mzee anatengeneza nyavu zake, na mzee huyo ndiye utabiri wako wa hali ya hewa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mnavuka na hicho?"

Hicho ni kayaki yako, ya plastiki, rangi ya chungwa. Mweleze kwa adabu kwamba huu ni mtumbwi wa watu wa Aktiki, waliouwamba kwa ngozi ya sili wakawinda nao katikati ya barafu. Atausikiliza ubavu wake kwa kuugonga kwa kidole, kisha atauliza: mbona hauna matengo? Ni swali la haki kabisa. Ngalawa ina matengo yake mawili, moja kila upande, yanayoizuia isilale. Kayaki inakitegemea kiuno chako. Basi ukishajua hilo, kaa wima, miguu ikanyage pale pa kukanyagia, na unapotia kafi majini zungusha kiwiliwili chote, maana mikono peke yake itachoka kabla hujafika katikati. Jaketi la kujiokolea livae na ulifunge. Nimewaona wanaolikalia kama mto. Mto haujawahi kumwogelea mtu.

Sasa muulize babu swali moja tu: maji yakoje leo?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Kilwa ni mji ambao umilikaji wake, kwa mujibu wa tarehe yake ya kale, uliamuliwa na kupwa na kujaa. Inasimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shiraz, alikuta kisiwa kina mwenyewe. Mwenyewe akakubali kukiuza kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Ali akatandika vitambaa pembezoni mwa kisiwa hadi mwanzo ukakutana na mwisho. Muuzaji akabeba nguo zake akavuka bara, na moyoni alikuwa na lake: wakati ule maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, kwa hiyo angesubiri yapwe, arudi na jeshi, achukue kisiwa na nguo abaki nazo. Wageni wakauchimba ule mkono wa bahari ukawa na kina. Aliporudi na watu wake, njia ilikuwa maji matupu. Nakipenda kisa hiki kuliko visa vyote vya kale vya pwani, maana mwenye jeshi anashindwa na mwenye kujua maji yatakuwa wapi saa ngapi.

Wewe huna jeshi, una kafi, kwa hiyo sikiliza zaidi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Siku hizo, pwani yetu hii, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Ukiondoka saa hiyo utasukuma kayaki matopeni huku akina mama wanaochokoa pweza wakikupita kwa miguu, ndoo kichwani, na watakupa pole wakiwa hawajasimama. Maji huchukua kama saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, na nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati. Katika saa hizo mbili, kwenye mlango wa bahari unaouvuka, mkondo unavuta kwelikweli. Chagua siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu: asubuhi maji yamejaa, mkondo ni mpole na chini kunaonekana. Kuhusu upepo, miezi ya kusi kali mwachie mwenye tanga. Kaskazi ikiwa tulivu, ondokeni alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka.

Kuvuka kwenyewe ni kama kilomita 2. Hakuna haja ya kushindana na mashua ya abiria yenye injini, nayo haina habari na wewe.

Usiende moja kwa moja gatini. Pinda mashariki kwanza, ufuate ufukwe, ukaitazame Husuni Kubwa kutoka majini, kwa sababu ilijengwa ili itazamwe kutoka majini. Iko juu ya genge, na ngazi zake zilishuka hadi pwani. Ni jumba la karne ya 14, la vyumba zaidi ya 100, lenye birika la kuogelea la pembe nane lililokaa mahali pa kupokea upepo wa bahari. Aliyelijenga ni Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta akitawala, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Dhahabu kutoka bandari ya Sofala ilipita hapa. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyu imeokotwa Zimbabwe Kuu, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Nani alizifikisha Australia, haijulikani mpaka leo. Kwa hiyo unapolalamika kwamba mabega yanauma na bado hujamaliza kilomita ya pili, tazama juu kwenye genge lile, kisha endelea kupiga kafi.

Ukishuka kijijini, jifunge kanga au kikoi kabla mguu haujagusa mchanga. Kisiwani ni kijiji cha watu, kina watoto wanaokwenda madrasa na visima ambavyo maji yake yana kazi. Gereza lililo pale pwani litakupa kivuli: Wareno chini ya Francisco d'Almeida waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512, na Waoman wakaja kujenga ya kwao juu ya mabaki yale. Picha piga. Lakini usimalize chaji hapo.

Nenda Msikiti Mkuu. Na humo nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kuangalia kuba, kabla ya kuhesabu nguzo. Chutama karibu na jiwe lolote lililopasuka na ulitazame kwa umbali wa kiganja. Utaona vijishimo vidogo, vingi, vimepangana kama tundu za sega la nyuki, kila kimoja na vijukuta vyake vyembamba vinavyoelekea katikati kama nyota. Usiviguse, vitazame tu. Kila kishimo kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja. Msikiti huu, jumba la sultani, nyumba za Songo Mnara, vyote ni matumbawe. Kuta zilijengwa kwa tumbawe la zamani lililochimbwa ardhini. Mihrabu na nakshi zilichongwa kwa tumbawe bichi lililotolewa baharini, laini likiwa na maji yake, likikaa juani linakuwa gumu kama unavyoliona. Hata chokaa iliyoyashika mawe hayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Mafundi wa Kilwa waliingia baharini wakatoka na mji.

Ndiyo sababu ya kubeba miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Bila kuingia majini umeona nusu.

Mwongozaji atawapeleka kwenye mwamba upande wa bahari kubwa, maji yakiwa yametulia. Kayaki zifungwe pamoja, mtu mmoja abaki nazo, kwa maana kayaki tupu ina miguu kuliko mbuzi. Temea mate ndani ya kioo cha miwani, sugua, suuza. Usione haya, wazamiaji wote hufanya hivyo na ndiyo dawa ya ukungu. Uma mrija, lala kifudifudi, pumua polepole. Dakika ya kwanza utasikia pumzi zako kama za mtu mwingine na utatamani kusimama.

Usisimame. Kama utasahau kila kitu katika mwongozo huu, hili moja lisikutoke. Unaposimama, mguu mmoja unatua juu ya tumbawe na wa pili juu ya yule mnyama wa miiba mirefu myeusi, ambaye kila pwani ina jina lake na kila pwani inamlilia kwa sauti moja. Miiba yake inakatikia ndani ya nyama na itakukumbusha Kilwa wiki nzima. Lakini nyayo zako zitapona. Lile bonge la tumbawe ulilotaka kulifanya kigoda hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Likiwa na kimo cha kifua chako lina zaidi ya miaka 100, lilianza babu wa babu yako akiwa kijana. Ukichoka, geuka chali uelee. Jaketi linajua kazi yake.

Elea basi, utazame chini. Tafuta bonge la mviringo, rangi ya udongo au ya majani, uso wake laini. Sogea bila kugusa. Utaona vijishimo vilevile vya msikitini, vilevile kabisa, ila sasa vyote vina wenyewe. Pono anapita akiyagegeda mawe kwa mdomo wake mgumu, na sauti yake utaisikia majini, kra, kra. Kiti cha pweza kimekaa mchangani. Pweza mwenyewe yuko karibu, ila utakuwa umemtazama mara tatu ukidhani ni jiwe. Nilipoviona vile vishimo mara ya kwanza vikiwa hai, nilitoa kichwa nje ya maji nikamwita mwenzangu kwa sauti kama niliyeokota pochi.

Siku hiyohiyo niliona nisichokisahau. Mashua ya kusindikiza kundi lingine ilifika, na mwongozaji wao akatupa nanga palepale juu ya matumbawe ya matawi. Nilikuwa kichwa chini. Nilisikia mlio wa vyombo vya udongo vinavyovunjika kabatini, kisha nikaona unga mweupe ukipanda. Chini yake samaki wadogo wa buluu walikuwa wanazunguka pale palipokuwa na matawi yao, wanarudi, wanazunguka tena. Pwani hii imeshaumizwa na uvuvi wa baruti, na matumbawe yake yameshapauka kwa joto la bahari la mwaka 1998 na la 2016. Haihitaji tena nanga ya mtalii. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize mwongozaji wako nanga yake anaitupa wapi. Akisema mchangani, mpe pesa yako kwa mikono miwili. Akicheka, tafuta mwingine.

Na usichukue kitu. Kombe zuri, kipande cha tumbawe, kigae cha chungu ulichokiokota kwenye mchanga chini ya Husuni: viache. Kigae kile kimekaa hapo karne kadhaa kikimsubiri mtu anayejua kukisoma, na begi lako lina nguo mbichi na nusu ya chapati.

Kurudi ni kwa maji, si kwa saa ya mkononi. Mwongozaji akisema tuondoke, ondokeni, hata kama picha ya mwisho haijakaa vizuri. Upepo wa mchana utakuwa umeanza. Uelekezeeni pua ya kayaki, msiupe ubavu. Kayaki ikipinduka, shika kayaki kwa mkono mmoja na kafi kwa mwingine, kofia iache iende zake.

Mkifika Masoko, babu atakuwa bado yupo na nyavu zake. Msalimie tena. Atataka kujua mmeona nini, na ukimwambia umeona mawe ya msikiti yakiwa hai, hatashangaa. Atakuonesha kwa kidevu pale walipokuwa wakichoma chokaa alipokuwa mtoto. Kaa umsikilize. Ila kwanza ivute kayaki juu, uupite ule mstari wa mwani mkavu, uifunge kwenye mti, kwa sababu maji yatakuja kuitafuta usiku.