Namna ya Kuchelewa Kufika Shelui

Basi linalotoka Dodoma alfajiri huumaliza mkoa wa Singida mchana mmoja. Abiria huuona kupitia dirisha: chupa za mafuta ya alizeti zikinyanyuliwa juu, kuku wa kienyeji waliofungwa miguu, vitunguu, kisha honi. Huyo amepita Singida, hajafika. Mwongozo huu ni wa anayetaka kufika. Unachukua baiskeli, unatoka Dodoma kupitia Manyoni, Ikungi, Singida mjini na Misigiri mpaka Shelui, na unachelewa kadiri unavyoweza. Masharti ni sita.

1. Ufuate upepo

Singida ni mkoa wa upepo, tena upepo wa kweli. Kwa miaka mingi umepimwa na watu wanaotaka kuuzalishia umeme. Mara nyingi huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo anayetokea Dodoma husukumwa mgongoni. Anayeanzia Shelui atabishana nao njia nzima, na upepo haujawahi kushindwa ubishi.

Mwezi nao una maana. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukitaka kuona mashamba ya alizeti yamegeuka njano, njoo mwisho wa mvua na uyavumilie matope ya njia za vijijini. Ukitaka vumbi kavu, magunia barabarani na mashine za kukamua zikinguruma, njoo Juni au Julai.

2. Baiskeli iwe ya watu

Usije na baiskeli ambayo vipuri vyake huagizwa ng'ambo. Hiyo itakuchelewesha vibaya, na sisi tunataka kuchelewa vizuri. Njoo na ile ambayo fundi wa chini ya mti pale Ikungi ameshaifungua na kuifunga mara nyingi. Utamhitaji, maana mbigili haichagui tairi la mgeni wala la mwenyeji. Akikuzibia pancha, kaa kwenye benchi lake mpaka amalize, umwangalie anavyotafuta tundu kwenye beseni la maji. Kisha mwombe akufundishe kufunga mzigo kwa mipira ya tyubu kuukuu. Anayesafirisha tenga la kuku au gunia la alizeti kwenye kerieri anajua mambo ya mizani ambayo hutayapata kwenye duka lolote la vifaa vya michezo.

3. Kusukuma si aibu

Kutoka Dodoma hadi Singida mjini ni kama kilomita 240, na karibu nusu yake ni kati ya Manyoni na Singida. Usizitangaze kilomita hizo kwa mtu yeyote njiani. Ukishaipita Kintinku utakutana na ukingo wa Bonde la Ufa, na barabara itapanda mpaka mapaja yaombe msamaha. Shuka, sukuma. Mama mwenye madumu ya maji kwenye kerieri naye husukuma mlimani, na hakuna anayemwita mzembe.

Ukifika Manyoni, unayo nafasi nzuri ya kuchelewa zaidi. Geuka magharibi kama kilomita 40 ufike Itigi, kwenye vichaka vizito na asali yenye sifa nchi nzima. Haiko njiani, na ndiyo maana unaenda.

4. Salamu zote zijibiwe, maswali yote pia

Hakuna kupunga mkono na kuondoka. Mbele ya mzee, baiskeli husimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Dodoma."

"Kwa hiyo baiskeli? Kwani basi limeharibika?"

Swali hilo utaulizwa kila kijiji. Lijibu kila mara kama jipya, kwa sababu aliyeuliza anakuuliza kwa mara ya kwanza. Nawe uliza: mvua ya mwaka huu ilikuwaje, alizeti imeuzwaje, kitunguu kimepanda au kimeshuka. Hapo utasomeshwa uchumi wa nchi hii na mtu anayeulipia kwa jasho lake.

5. Agiza kuku, usubiri

Kuku wa kienyeji wa Singida huliwa mpaka Dar es Salaam. Nyama yake ina msimamo na haipikiki kwa haraka. Agiza kwa mama lishe, ukae. Akiwa na ugali wa mtama au uwele na mlenda, anza na huo. Lipa bei uliyotajiwa; shilingi inayoachwa kwenye mji mdogo huonekana hapohapo, kwenye kuni za kesho na daftari la mtoto. Mafuta ya alizeti yanunue mashineni, uone mbegu ikiingia na mashudu yakitoka kwenda kulisha mifugo.

6. Ukiwa Singida mjini, lala

Mji uko kati ya maziwa mawili ya maji chumvi, Singida na Kindai, na majabali makubwa yaliyokaa popote yalipopenda. Nenda ziwani asubuhi. Ukibahatika utawakuta flamingo. Ukiondoka, kagua breki. Baada ya Misigiri unakuja mlima Sekenke, ambao malori huuheshimu na wewe utauheshimu zaidi. Shuka polepole, pembeni, uyapishe. Dhahabu ya machimbo ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoitengenezea sarafu kule Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana. Kusimama kuikumbuka historia hiyo ni kuzuri pia kwa kupumzisha viganja.

Chini ya mlima ni tambarare, na Shelui haiko mbali. Miji yote uliyoipita ina fundi, mama lishe, mwenye gesti na mkulima anayestahili mgeni wa kusimama, naye mgeni wa namna hiyo ni adimu. Ukijikuta umefika mapema, kuna sharti umelivunja. Geuza baiskeli uanze upya kuelekea Dodoma. Safari hii upepo wenyewe utahakikisha unachelewa.