Mwisho Banana

Dar es Salaam imekwisha kusifiwa kwa mengi: bahari yake, madaraja yake, ubuyu wake. Hata foleni nimemsikia mtu akiisifu, eti inampa nafasi ya kumaliza simu zake zote kabla hajafika nyumbani. Desturi ya daladala kukatisha ruti ndiyo pekee iliyobaki bila msemaji. Inalaaniwa kituoni, inalaaniwa redioni asubuhi, na kila kiongozi mpya huahidi kuikomesha kabla hajazoea kiti. Leo nimejitolea kuwa wakili wake, tena bila malipo.

Kwa msomaji wa mikoani ambaye hajawahi kutendewa, nieleze. Gari limeandikwa Kariakoo–Gongo la Mboto, na ubavuni lina mstari wa rangi ya ruti yake. Jioni limeshona watu mpaka mlango haufungi. Linapita Tazara, linapita Kipawa, linapita Airport, linafika kituo cha Banana, kabla ya Gongo la Mboto. Konda, ambaye tangu Kariakoo alikuwa akiimba "Gongo la Mboto, siti zipo" wakati siti zilikwisha zamani, anagonga bodi na kutangaza kwa sauti ya mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani: "Mwisho Banana! Gari linageuza."

"Wewe konda, si umeniambia Gongo la Mboto?"

"Mama yangu, gari bovu. Breki hazishiki. Shukeni, kuna gari nyuma."

Watu wanashuka, mama na ndoo yake anashuka. Na hapa ndipo penye muujiza ambao waganga wa Mlingotini wangeuonea wivu: gari hilo bovu, lisilo na breki, likishageuza tu linapona. Linarudi Kariakoo kwa kasi ambayo halikuwa nayo lilipokuwa zima. Gari la nyuma nalo kweli linakuja. Limejaa, halisimami.

Sifa ya kwanza ya kukatisha ruti ni kwamba inajua hesabu kuliko sisi sote. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipandisha nauli: safari isiyozidi kilomita 10 ikawa shilingi 600 kutoka 500, na ile ya mpaka kilomita 15 ikawa 700. Chukua ruti ya kilomita 14. Ukiimaliza, kiti kimoja kimekuingizia 700. Ukiikata katikati, ukajaza upya, kiti kilekile kimekupa 600 na 600. Mtoto wa darasa la tatu anajua lipi kubwa. Jedwali hilo limebandikwa ndani ya gari ili abiria ajue haki yake; dereva naye amelisoma, akaelewa somo lake. Na hapo sijamtaja konda aliyekwisha kukusanya nauli nzima ya Gongo la Mboto kabla hamjafika Tazara.

Sifa ya pili ni usawa. Mwanafunzi, ambaye nauli yake ilibaki 200 watu wazima walipopandishiwa, amezoea kuzuiwa mlangoni kwa kiwiko, au kusimamishwa karibu na siti tupu asiikalie. Lakini Banana hakuna mwanafunzi wala mtu mzima, hakuna karani wala muuza mitumba. Wote wanashushwa kwa heshima ileile. Sijui ofisi ya serikali inayohudumia raia kwa usawa wa namna hiyo.

Tena inalisha watu. Ukishuka Banana saa moja usiku, vijana wa bodaboda wanakusubiri kama waliopigiwa simu. Muuza mahindi ya kuchoma yupo. Fundi viatu naye atapata riziki yake kesho, kwa sababu wako watakaoamua kwenda kwa miguu.

Wapo wanaosema dawa ni kumkamata konda. Hao ninawaheshimu, ila nawaomba wamfuate jioni moja mpaka mwisho wa kazi. Tajiri mwenye gari anadai hesabu yake kila siku, na hesabu haina mvua wala foleni. Ni kiasi kilekile. Mafuta yanatolewa kwanza. Kinachobaki ndicho dereva na konda wanagawana, na siku nyingine anayeendesha ni deiwaka, kibarua wa siku moja, hata tajiri hamjui kwa sura. Mshahara hakuna. Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Jioni watu wote wako Kariakoo, wanataka kutoka. Huko Gongo la Mboto hakuna anayetaka kuja mjini saa hiyo. Kumaliza ruti maana yake ni kurudi na viti vitupu, ukichoma mafuta yako mwenyewe ili abiria mmoja aliyelala nyuma afike kwake. Safari hiyo tupu angepaswa kuilipia nani? Jedwali la nauli halisemi. Tajiri hasemi. Basi dereva, kwa unyenyekevu wake, anaamua ilipiwe na yule mama mwenye ndoo.

Ndiyo maana nasema desturi hii ni mtumishi mwaminifu. Tangu serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, kwa kuwa UDA, shirika la umma la mabasi, ilikuwa imelemewa, jiji limepata usafiri ambao hazina hailipii. Uhaba wa magari ya jioni, hatari ya biashara, hasara ya foleni, vyote vinabebwa na watu wawili wasio na mkataba, nao wanavipakua Banana.

Basi la mwendokasi, lililoanza kubeba abiria mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, lililetwa kutuponya na mambo haya. Na kwa kweli mwendokasi halikatishi ruti. Lilipewa njia yake peke yake na vituo vyenye paa. Waulize waliopanga foleni Kimara asubuhi: watakwambia shida yao si mwisho wa ruti bali mwanzo wake.

Sipendekezi faini zaidi. Faini aliyopigwa konda adhuhuri hurudishwa jioni, kwa kukatisha ruti mara moja zaidi. Ikiwa hakuna atakayegusa hesabu ya tajiri wala kulipia kile kipande cha kurudi kitupu, ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo, linahitaji rangi na brashi tu. Ubavuni mwa gari, baada ya Gongo la Mboto, paongezwe maneno mawili: "Mungu akipenda."