Asanteni kwa Gereza

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Sheria, Kinshasa

Jambo yenu kutoka Kisangani.

Kwanza poleni na kazi. Kutunza fedha za watu ni mzigo, hasa wenyewe wakiwa bado hai na wanauliza.

Mnakumbuka zilikotoka. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda, wageni wote wawili, yalipigana mjini kwetu kama walevi wanaogombea kiti katika nyumba ya mtu mwingine. Siku sita makombora yakipita juu ya mapaa yetu. Mwezi uleule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likasema walipe. Kesi dhidi ya Rwanda iliishia 2006, Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule The Hague ilipojiona haina mamlaka nayo. Uganda ilipatikana na makosa Desemba 2005, na zaidi ya miaka 16 baadaye, Februari 2022, ndipo ilipoandikiwa deni lake kwa vita vyake vyote Kongo: dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65, kila Septemba.

Nyinyi mlikuwa mmedai zaidi ya bilioni 11. Majaji wakauliza: ushahidi uko wapi? Hatuwalaumu. Hata sisi, katika kukimbia, hatukukumbuka kulidai bomu risiti.

Ila somo mlilishika. Sasa ushahidi tunadaiwa sisi. Chukueni mama yeyote wa mtaa wa Tshopo. Anapanda toleka, baiskeli ya abiria, asubuhi, amekumbatia sashe ya plastiki: kadi ya mpiga kura, picha mbili, karatasi ya mkuu wa mtaa iliyokunjwa mpaka mikunjo inakaribia kuchanika. Anaulizwa cheti cha kifo cha mumewe. Anaeleza kwamba kombora liliingilia chumbani, na chumbani ndimo lilimokuwa sanduku la karatasi. Haya, alete mashahidi wawili. Mashahidi wake walikuwa majirani wa kulia na wa kushoto, nao pia wako makaburini. Wapiganapo tembo nyasi huumia, hilo tulilizoea. Kwamba nyasi zije na picha za pasipoti, hilo ndilo jipya.

Baadhi wamelipwa, ni kweli, na tusiseme uongo. Mliunda FRIVAO, mfuko maalumu wa kuwagawia wahanga fidia, mkauweka hukuhuku Kisangani, tukafurahi: pesa imekuja kukaa karibu na wenyewe. Hatukujua kwamba ina wenyewe wengi.

Kisha tukasikia habari ya gereza. Karibu dola milioni 20 za fidia zikachepushwa kwenda kujenga gereza jipya hapa mjini. Waheshimiwa, wazo hili lina akili yake. Mjane ameomba paa, mmempatia paa. Kwamba ni la gereza ni jambo dogo la fundi. Kwa bahati mbaya majaji wa Kinshasa hawakuliona hivyo. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, walimhukumu miaka 3 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha hizo. Mwenyewe alikana. Sisi tulibaki tukijiuliza kama hukumu hiyo inalipa ada ya shule ya mtu.

Basi tuna ombi dogo. Gereza likijengwa, ubao wa mlangoni uandikwe kwamba limejengwa kwa hisani ya waliokufa Juni 2000. Majina msihangaike nayo, tunayo sisi, yapo kwenye masashe yetu.

Na mama wa Tshopo ana swali, kwa heshima zote. Zile milioni zilipokuwa zinatoka benki, aliyezitoa aliombwa mashahidi wangapi?